Stelingi ya gari ya rimoti imekufa? Mwongozo kamili wa kusaka spea zake

Wakuu, swali la "wapi napata stelingi ya gari ya rimoti" halina jibu, na ndo maana kila anayeuliza anaishia kuambiwa nenda Kariakoo kaulizie. Ukienda Kariakoo na swali hilohilo utazungushwa kutwa nzima halafu utarudi na gari mpya ya mtoto ambayo hukuipangia bajeti, kwa sababu muuzaji hajui unataka kidude gani na mara nyingi hata wewe mwenyewe hujui. Stelingi sio kitu kimoja. Ni msururu wa vidude unaoanzia kwenye sevo (kile kimota chenye gia kinachogeuza stelingi) unaishia kwenye tairi, na kwa kawaida kinachokuwa kimekufa ni kimoja tu, tena mara nyingi ni kile cha bei ndogo kuliko vyote. Kwa hiyo kwanza ujue ni kipi, halafu ukisake kwa namba na kwa vipimo vya milimita, achana na jina la gari lililoandikwa kwenye boksi maana hilo jina litakupoteza.

Mfano wangu mkubwa humu ni Wltoys 144001, ile ya kipimo cha 1/14 yenye mota ya 550 na betri ya volti 7.4, kwa sababu imeuzwa sana na spea zake zimejaa Uchina. Ila nitagusa pia Traxxas, Tamiya na HSP maana njia ni ileile.

Kwanza hakikisha kweli kuna kitu kimevunjika

Kabla hujatoa hata shilingi angalia rimoti. Rimoti nyingi zina vinobu viwili vinavyohusu stelingi, kimoja kimeandikwa ST.TRIM, hicho kinasogeza katikati, kingine kimeandikwa D/R au ST.D/R, hicho kinapunguza au kuongeza kiasi tairi zinavyokata. Mtoto akikizungusha cha D/R mpaka chini kabisa gari inakuwa kama haina stelingi, na kuna watu wanaagiza sevo mpya kutoka Uchina kwa ajili ya kinobu. Rudisha D/R juu, trimu weka katikati, badilisha betri za rimoti, ndo uendelee.

Sasa pandisha gari juu ya tofali au kopo la rangi ili tairi zote zining'inie. Washa rimoti kwanza, gari baadaye, na ukizima anza na gari. Kata kushoto, kata kulia, macho yako yawe kwenye mkono wa sevo, tairi utaziangalia baadaye. Hapo ndo ugonjwa unajitaja wenyewe:

Kama sevo iko kimya kabisa, haitetemeki wala haina joto, basi ama sevo imekufa ama risiva (kidude kinachopokea mawimbi ya rimoti) haitoi kitu. Njia rahisi ya kujua, kwa gari zenye sevo ya waya tatu, ni kuchomoa hiyo sevo pale CH1 (tundu la stelingi kwenye risiva) na kuchomeka nyingine yoyote hata kale ka SG90 ka gramu 9. Kakicheza ujue sevo yako ndo marehemu, kasipocheza usinunue sevo, tatizo liko kwenye risiva au umeme unaoingia.

Kama inanguruma na mkono unaruka ruka, trrr trrr, halafu unakwama sehemu moja, ni meno ya ndani yamelika. Hii ndo kesi namba moja kwenye 144001 maana sevo yake ya kiwandani ina gia za plastiki na gari lenyewe lina mbio, ukigonga ukingo wa barabara na tairi la mbele nguvu yote inarudi kwenye yale meno.

Kama mkono wa sevo unageuka vizuri tu lakini tairi zinabaki zimelala, angalia kama ule mkono unateleza juu ya ekseli ya sevo (meno yake ya ndani yamesagika), au kikombe cha tairodi (kile cha plastiki mwishoni mwa kijiti cha chuma kinachosukuma tairi) kimechomoka kwenye gololi yake, au sevo seva imelegea. Tairi moja ikifuata na nyingine ikibaki, msako uwe upande huo mmoja tu. Na kama inakata vizuri ila hairudi katikati, mara nyingi hakuna kilichovunjika kabisa, ni mchanga na matope kwenye vile vikono vya katikati vinavyozunguka, vinaitwa belikranki, au umekaza kingpini (pini ambayo tairi linageukia) kupita kiasi. Fungua, safisha na brashi ya meno, funga.

Sevo seva inahitaji neno lake kidogo maana wengi hawajui kama ipo. Ni kile kidude chenye springi, kwenye gari nyingine kiko palepale juu ya sevo, nyingine kiko kwenye belikranki, kazi yake ni kukubali kupinda pale tairi linapogonga kitu ili meno ya sevo yasife. Ijaribu hivi: gari ikiwa imewaka, shika tairi zote mbili za mbele kwa mikono zisigeuke, mtu mwingine akate rimoti. Springi inatakiwa ifunguke kwa kubana, na ukiachia tairi zirudi pap kwenye nafasi yake. Kama inafunguka kirahisi kama mlango uliokufa bawaba, springi imechoka au kipande cha plastiki kimepasuka, na hapo hata uweke sevo ya bei mbaya gari itaendelea kuyumba.

Umeme umeshazimwa? Sasa shika tairi moja, litikise mbele na nyuma huku unamulika na tochi ya simu. Plei, yaani kulegea, inaonekana ilipo. Cheza na kile kipande kinachobeba tairi, mafundi wa magari wanakiita nako, kipinde kidogo kwa vidole ukitazama kuzunguka tundu la kingpini. Ufa wa pale ni mwembamba kama unywele na hauonekani mpaka plastiki inyooshwe, ukiachia unajifunga. Watu wengi wanabadilisha tairodi wanaacha huo ufa, siku mbili tairi linalala.

Jua gari yako ni nani

Kuna gari za aina mbili na ukweli huu utakuokolea hela. Ya kwanza ni toi kabisa, ukifungua unakuta bodi moja ya saketi iliyobeba kila kitu na ile inayogeuza tairi ni kimota kidogo chenye gia, waya zake tano. Hizo hazina spea za kueleweka, unapata tu kwa kununua mbovu nyingine ya aina ileile. Ya pili ni gari ya hobi, ina risiva, ESC (kidude kinachodhibiti umeme wa mota) na sevo ya waya tatu, kila skrubu ina namba yake kwenye katalogi. Katikati kuna za mseto, mfano Wltoys A959 ya zamani, ni gari nzuri, spea zake zinaingiliana na A949, A969 na A979, lakini sevo yake ni ya waya tano, kwa hiyo usinunue sevo ya kawaida ukadhani utachomeka. 144001 ni ya waya tatu, hapo uko salama.

Namba ya modeli utaipata chini ya chasi, kwenye stika ya boksi, wakati mwingine juu ya risiva. Boksi lilishatupwa? Geuza mkono wa suspensheni au nako uangalie upande wa ndani, viwanda vingi vinachapa herufi na namba kwenye plastiki yenyewe. Halafu kuna huu mchezo wa gari moja majina kumi. HSP ya Uchina inatengeneza gari ambazo nchi nyingine zinauzwa kwa majina mengine, mfano HSP 94111 ndo ileile Marekani inauzwa na Redcat kwa jina la Volcano EPX. Ukikosa spea kwa jina moja tafuta kwa jina la pili, mara nyingi ndo unapata picha nzuri zaidi na maelezo ya kueleweka.

Tafuta mchoro kabla ya kutafuta duka

Hii hatua watu wanairuka na ndo ya muhimu kuliko zote. Kila gari ya hobi ina mchoro uliopasuliwa, unaonyesha kila kipande kikiwa kimeachana na mwenzake na mshale wa namba. Andika kwenye gugo namba ya modeli ikifuatiwa na "exploded view" au "parts list" au "manual pdf". Traxxas wanaweka michoro yao wazi kwenye tovuti yao, Tamiya manyuo zao zinapatikana, za Wltoys utazikuta zimepigwa picha na wauzaji. Ukiipata ihifadhi kwenye simu.

Chukua Traxxas Slash ya tairi mbili za kusukuma. Nako zake zote mbili kushoto na kulia ni namba 3736, na zile habu za herufi C zinazoshika nako ni 3632. Ukishakuwa na namba hizo huhitaji tena kueleza, unaandika tu "Traxxas 3736" unaona kila duka duniani linalouza na bei zake. Zaidi ya hapo unagundua kumbe Rustler na Stampede za tairi mbili zinatumia nako hizohizo, kwa hiyo jirani yako mwenye Stampede iliyokufa mota ni stoo yako ya spea.

Tamiya wana utaratibu wao, spea nyingi za plastiki hawauzi moja moja, wanauza mti mzima kama ulivyotoka kwenye kalibu, mti una herufi na kila kipande kina namba, mfano A5, B2. Unataka nako unaagiza mti wote, na vile vingine vinabaki kuwa akiba. Wltoys wao namba zinaanza na modeli halafu kistari halafu namba ya spea, na spea nyingi za 144001 ndo hizohizo za 124019, kwa hiyo ukiona tangazo limeandikwa 124019 usilipite.

Majina nayo yanachanganya ukitafuta kwa Kiingereza. Ile nako moja Traxxas wanaiita steering block, Tamiya wanaiita upright, Wachina wanaandika steering cup, wengine steering hub au knuckle. Ukikosa kwa jina moja jaribu yote matano kabla hujasema haipo.

Vipimo, hapa usikadirie kwa macho

Nunua vernia kalipa, hata ile ya plastiki ya bei ya chini inatosha kwa kazi hii. Utapima hivi.

Gololi za tairodi: ukubwa unatofautiana kwa nukta. Kuna za milimita 4.3, 4.8, 5, 5.8, 6 na kuendelea, Tamiya nyingi ni 5. Kikombe cha 5.8 kwenye gololi ya 5 kitaingia bila shida na kitachomoka kwenye kona ya kwanza. Kikombe cha 4.8 kwenye gololi ya 5 kinaweza kuingia kwa kulazimisha na stelingi inakuwa nzito mpaka sevo inapata moto. Pima gololi yenyewe, usipime tundu la kikombe maana kile kishatanuka.

Tairodi: urefu unaotakiwa ni wa kutoka katikati ya gololi moja mpaka katikati ya nyingine, andika pia urefu wa chuma peke yake. Unene wa hesi, gari za 1/10 nyingi ni M3 (milimita 3), gari kubwa zaidi za 1/8 utakutana na M4 au M5. Kama una gari ya zamani ya Kimarekani kuwa makini, nyingi zilitumia skrubu za inchi zinazoitwa 4-40, kipenyo chake ni milimita 2.84 hivi, yaani ukishika mkononi utaapa ni M3, inaingia mizunguko miwili halafu inaua hesi yote.

Tairodi nzuri ina hesi ya kawaida upande mmoja na hesi ya kushoto upande wa pili, ndo maana unaizungusha katikati na spana inarefuka au kufupika bila kuichomoa. Upande wa hesi ya kushoto mara nyingi una kimfereji kidogo kama alama. Wakati wa kuagiza hakikisha ni ya aina hiyo na vikombe vyake vinakubali.

Sevo: vipimo vinne, urefu, upana, kimo, na umbali wa matundu ya skrubu. Sevo ya kawaida ya gari za 1/10 ni kama 40 kwa 20 kwa 40 hivi. Ile ya 144001 ni ndogo, daraja la gramu 17, kwa hiyo usichukue ya kawaida ukategemea kuchonga chasi ya aluminiamu.

Halafu meno ya ekseli ya sevo, hapa ndo watu wanaumia. Mkono wa sevo unakaa juu ya meno madogo na idadi inatofautiana: Futaba na Savox nyingi ni 25, Hitec wengi ni 24, JR, KO na Sanwa za zamani ni 23. Tofauti ya jino moja huioni kwa macho ila mkono hautakaa. Kuhesabu, chora kijidoti cha maka pen kwenye jino moja, piga picha ukiwa karibu kabisa, kuza picha kwenye simu na hesabu ukizunguka mpaka urudi kwenye doti. Ukipata 24 hesabu tena.

Beringi: kama nako ina plei inawezekana nako ni nzima na beringi ndo zimeisha. Hizi usiagize nje. Ingia duka lolote la beringi mjini utaje kodi, 5x11x4 ambayo ndo ya Traxxas nyingi inaitwa MR115ZZ, 5x10x4 ni MR105ZZ, 10x15x4 ni 6700ZZ. Muuzaji wa beringi hajui gari za rimoti wala hahitaji kujua, kodi inamtosha.

Wapi pa kwenda

Anza na maduka ya elektroniki yanayouzia wanafunzi vifaa vya Arduino. Nairobi zunguka Luthuli Avenue na mitaa ya jirani, Dar anza na Kariakoo. Pale kuna sevo tatu zinazopatikana karibu kila mara, SG90 ya plastiki pamoja na ndugu yake wa gia za chuma MG90S, na MG996R ambayo ni ukubwa wa kawaida, gramu 55, gia za chuma, meno 25. MG996R nyingi ni feki za feki, lakini kwa gari ya 1/10 ya kuchezea mtaani inafanya kazi, nguvu inayotangazwa ni kilo 11 kwa sentimita kwenye volti 6. Udhaifu wake ni mwendo wa uvivu kidogo na inakula umeme sana ikikwama, mpaka ampia 2.5, kwa hiyo kama ESC yako ndogo umeme wa risiva unaweza kushuka na gari ikapoteza rimoti ikiwa kwenye mwendo. Na usije ukaiunga moja kwa moja kwenye betri ya sel 2, betri hiyo ikijaa inafika volti 8.4 na MG996R mwisho wake ni 7.2.

Duka la hadiwea lina skrubu za M3, washa na nati za nailoni. Wauza toi wa jumla wana gari mbovu zilizorudishwa, uliza kwa adabu watakuuzia kwa bei ya kutupa. Na mafundi wa droni wana vikombe vya gololi na vidude vya M2 na M3 ambavyo ungevisubiri wiki nyingi kutoka nje.

Kwa kinachobaki ni kuagiza. AliExpress, Banggood na eBay ndo kuna spea za Wltoys na HSP, za Traxxas na Tamiya eBay na Amazon ziko nyingi. Kabla ya kulipa fanya haya: fungua picha ya muuzaji uweke pembeni ya ule mchoro, linganisha idadi ya matundu na upande wa matundu, siyo rangi. Soma ni vipande vingapi unapata, kuna tangazo la bei poa halafu inakuja nako ya kushoto tu. Angalia picha za waliokwisha nunua. Kama una wasiwasi mtumie muuzaji picha ya kipande chako kikiwa juu ya rula, wale wanaojua kazi wanajibu vizuri.

Usafiri sasa. Spea za stelingi ni nyepesi, barua ya kawaida ya posta inabeba. Ukitumia wakala wa mizigo wa Guangzhou, wale wanaochaji ndege kwa kilo na meli kwa CBM (mita za ujazo), jiunge na wenzako mpate kilo kamili maana kilo moja ya nako na vikombe ni mzigo wa miaka. Usichanganye betri ya lithiamu kwenye oda hiyo, ndege zina masharti yake na mzigo wote utakwama kwa ajili ya betri moja. Mwenye ndugu anayerudi kutoka Dubai au Muskat mpe namba ya spea iliyoandikwa kwenye meseji pamoja na picha, usimwambie kwa mdomo, atakuletea gari nzima.

Plastiki au aluminiamu?

Kila anayetafuta spea atakutana na seti ya aluminiamu ya rangi ya bluu au nyekundu, inang'aa, bei siyo mbaya, na moyo unaenda. Mimi naipinga kwenye sehemu nyingi. Nguvu ya kugonga lazima iishie mahali. Nako ya plastiki inapinda kidogo, inanyonya, ikizidiwa inavunjika yenyewe na ni rahisi kubadili. Nako ya aluminiamu haipindi, inapeleka kishindo kwenye habu ya C, habu inapeleka kwenye mkono wa suspensheni, na unajikuta umevunja vitu vya ndani ambavyo ni kazi kuvifungua. Tena ikipinda kidogo haitarudi, gari itavuta upande mmoja maisha yake yote.

Pale aluminiamu inapofaa ni belikranki na sahani inayoziunganisha, hizo ziko ndani hazigongwi, na plei yake ndo inafanya gari iyumbe kwenye mwendo. Tamiya TT-02 inajulikana kwa hiyo plei, ukiweka belikranki za aluminiamu zenye beringi unaona tofauti siku hiyohiyo. Mkono wa sevo wa aluminiamu ni sawa kama tu gari ina sevo seva sehemu nyingine, kama haina basi umehamishia kishindo kwenye gia. Kwa nako na habu za gari za Traxxas, kampuni ya RPM ya Marekani inatengeneza za nailoni inayopinda, nazipa alama kuliko aluminiamu yoyote.

Wakati unasubiri mzigo

Tairodi iliyokatika unaweza kuitengeneza leo. Chukua skrubu ndefu ya M3, kata kichwa na msumeno wa chuma, lainisha mwisho na tupa, zungushia vikombe vya zamani pande zote. Hesi zote zitakuwa za kulia kwa hiyo ukitaka kurekebisha urefu itabidi uchomoe kikombe kimoja ukizungushe nusu mzunguko, ni usumbufu ila gari inatembea. Spoku ya baiskeli watu wanaijaribu, ni nyembamba na hesi yake haifanani na M3, kikombe kitashika kwa gundi tu, sioni faida.

Nako au habu iliyopasuka usipoteze supagluu. Plastiki hizi nyingi ni nailoni, gundi haishiki. Kama mjini kwenu kuna mtu mwenye printa ya 3D mpelekee kipande, za gari maarufu michoro yake ipo tayari mtandaoni bure. Mwambie asitumie plastiki ya PLA, inavunjika kama biskuti na juani ndani ya gari inalegea, atumie PETG au nailoni, ajaze asilimia 100, na akilaze kipande ili tabaka zisiachane pale kwenye tundu la kingpini.

Kufunga

Spea imefika. Vikombe vichomoe kwa plaizi ya mdomo mrefu ukikamata pale shingoni karibu na gololi, usivute kwa kushika chuma cha katikati, utakipinda.

Sevo usiifunge mkono ukiwa umezimwa umeme. Chomeka sevo, washa rimoti na gari, trimu katikati, iache itulie, hapo ndo uweke mkono ukiwa umesimama nyuzi 90 na tairodi inayotoka kwake. Kwa vile meno yana hatua zake hautakaa sawa kabisa, chagua jino lililo karibu zaidi halafu malizia na trimu. Ukikosea hapa gari inakata kushoto vizuri na kulia kidogo, na utalaumu spea. Skrubu ya kushika mkono iwe fupi ile iliyokuja na sevo, ndefu inasukuma gia za ndani.

Tairodi mbili za mbele ziwe na urefu sawa kwa kalipa kabla ya kuzifunga, hesi za kushoto zote ziwe upande mmoja wa gari ili baadaye usichanganyikiwe unazungusha wapi. Ukitazama gari kutoka juu tairi zitazame mbele sawa au zifunguke nje kidogo sana, zikifunguka nje inaingia kona haraka, zikitazamana ndani inatulia kwenye mwendo wa moja kwa moja. Kingpini kaza mpaka ishike halafu rudisha robo mzunguko, nako igeuke yenyewe ukiinamisha gari. Gundi ya hesi ya bluu weka chuma kwa chuma tu, tone moja, ikigusa plastiki baadhi zinapasuka taratibu bila kujua kisa.

Mwisho kata stelingi mpaka mwisho kila upande usikilize sevo. Ikinguruma ikiwa imefika mwisho, inasukuma kitu kisichosogea tena, punguza D/R au EPA (kikomo cha mwendo wa sevo) kama rimoti yako inayo mpaka mngurumo ukatike. Kimbiza dakika tano uwanjani, rudi ushike sevo kwa kidole. Uvuguvugu ni kawaida, ikiunguza kuna kitu bado kinabana na hakuna haja ya kuendelea kukimbiza, fungua vikombe vyote, geuza kila nako kwa mkono moja moja mpaka uipate iliyo nzito.

Na ukiwa unalipa oda hiyo ongeza vikombe vya akiba, jozi ya nako, gololi nne na gia za sevo kama zinauzwa peke yake, usafiri utakuwa uleule.